Ngano, upepo na mfereji uliokosa bahari

Treni ya mkoa inayotoka Santander, bandari ya kaskazini mwa Hispania, kwenda Valladolid ina nafasi chache za baiskeli, na anayewahi ndiye anayepata. Niliwahi. Nikaifunga baiskeli kwa kamba ya mpira, nikasukuma mifuko yangu ya keria chini ya kiti, na treni ikaanza kupanda milima: handaki, ukungu, ng'ombe, handaki tena, Reinosa na baridi yake. Upande wa pili wa milima mawingu yakakatika ghafla na nchi ikafunguka. Kufumba na kufumbua tukawa Alar del Rey.

Ninaishi Santander lakini nilikulia Tanga, kwa hiyo baiskeli na bahari zote ni mambo ya nyumbani. Alar nilikwenda kwa sababu hapo ndipo unapoanzia Mfereji wa Castilla, Canal de Castilla, na mfereji huo ulichimbwa ili ngano ya bara ifike kwenye bandari ninayoiona kila siku. Haukufika. Nilitaka kuona ulikwama vipi, na nchi iliyobaki nyuma yake ikoje.

Kazi ilianza mwaka 1753, enzi za mfalme Fernando VI. Waziri wake, Marqués de la Ensenada, alikuwa na tatizo ambalo mkulima yeyote angelielewa: uwanda wa kaskazini mwa Hispania ulikuwa na ngano tele na hauna pa kuipitisha. Barabara mbovu, milima imekaa katikati, na gunia likisafiri kwa mkokoteni hadi pwani linafika na bei ya kutisha. Antonio de Ulloa, afisa wa jeshi la majini na mtaalamu wa sayansi, akachora mpango wa mifereji kutoka upande wa Segovia hadi kukaribia Reinosa. Kisha zikaja vita, hazina ikakauka, miaka ikapita bila mtu kugusa jembe. Sehemu za mwisho walichimba wafungwa. Ulipokamilika mwaka 1849 mfereji ulikuwa na kilomita 207 na matawi matatu, na ncha yake ya kaskazini ilikuwa hapa Alar, miguuni mwa milima. Tishari zilizokokotwa na baghala, wale watoto wa punda na farasi, zilileta magunia mpaka hapa, na hapa yakapakiwa upya kwenye mikokoteni kwenda baharini, na unga mwingine ukaenda mpaka Cuba. Mwaka 1866 reli ya Alar hadi Santander ikakamilika. Treni niliyoshuka, basi, inapita kwenye reli iliyoumaliza mfereji niliokuja kuufuata. Karibu miaka mia ya kuchimba, na neema yenyewe ilikuwa ya miaka kama kumi hivi, kati ya 1850 na 1860. Mwaka 1959 usafiri wa tishari ukafungwa kabisa. Maji yake leo yanamwagilia mashamba na yananywewa mijini, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ulikuwa kazi bure.

Njia waliyopita baghala wakivuta tishari ndiyo njia ya baiskeli sasa. Ni ya udongo na changarawe, pengine majani tu yenye mstari mmoja wa tairi katikati. Mwisho wa Mei matete yamesimama, vyura wanapiga kelele kila kona, na miti mirefu myembamba iliyopandwa safu inakupa kivuli upande mmoja. Alar iko kama mita 850 juu ya usawa wa bahari na maji yanakwenda kusini, kwa hiyo mtu anaweza kufikiri atateremka tu. Thubutu. Mfereji kazi yake ni kukaa sawa. Unashuka pale tu penye mlango wa maji, yaani chumba cha mawe cha kupandishia na kushushia tishari, na mfereji mzima una milango 49. Ile ya zamani, upande huu wa kaskazini, ina umbo la yai. Ya baadaye ni mstatili. Ukisikia maji yananguruma mbele, jua umefikia mlango na utapata mteremko wa kupumzisha miguu. Sekunde chache, basi, unarudi kunyonga.

Karibu na Boadilla del Camino mahujaji Wakristo wanaotembea kwenda Santiago de Compostela wanaingia kwenye njia ya mfereji, na mpaka Frómista njia ni moja. Baada ya nusu siku ya kukutana na bata tu, ghafla kuna watu: Wakorea, Wajerumani, mzee wa Kifaransa mwenye fimbo mbili, wote wanachechemea. Unapiga kengele, wanaruka pembeni, unasema "buen camino", safari njema, na wao wanakujibu vivyo hivyo hata kama hukuwa na mpango wa kwenda Santiago. Dada mmoja wa Korea alinisimamisha apige picha ya hijabu yangu chini ya helmeti. (Kwenye barabara za nje ya miji helmeti ni sheria kwa mwendesha baiskeli Hispania. Nimepata kitambaa chembamba kinachokaa chini yake bila kukunjamana, na wanaoniuliza kama sisikii joto nawajibu kwamba jua la uwanda huu ningelifunikia kichwa hata kama ningekuwa mtawa wa Kibuda.)

Frómista watu wanakwenda kuona kanisa la San Martín. Ni la karne ya 11. Doña Mayor, mjane wa mfalme wa Navarra, alilitaja kwenye wosia wake mwaka 1066. Chini ya kingo za paa kuna vichwa vya mawe zaidi ya 300: watu, wanyama, na vituko vingine ambavyo sijui nani aliviruhusu kanisani. Lilikarabatiwa sana kuelekea mwaka 1900, kiasi kwamba limekuwa safi kupita umri wake. Mimi nasema wazi, milango ya maji ilinivutia kuliko kanisa. Nje kidogo ya mji ipo minne imeungana, mmoja juu ya mwenzake, na maji yanashuka mita 14 kwa hatua nne. Fikiria mtu wa tishari aliyetoka kusini na shehena ya ngano, anapandishwa chumba hadi chumba, na baghala wake wamesimama juu wakimngoja.

Baada ya Ribas de Campos mfereji unageuka kuelekea magharibi. Pale Serrón, karibu na Grijota, tawi moja linakwenda zake Palencia na Valladolid, na jingine, Ramal de Campos, linashika njia ya Medina de Rioseco, kilomita 78 tangu Ribas. Nilishika hilo la Rioseco, na upepo ukanipokea.

Watu wanaogopa milima. Mlima una adabu zake: unaona mwisho wake, unapanda, unafika, unateremka. Upepo wa Tierra de Campos, uwanda huu wa ngano, hauna kilele. Ulitoka magharibi, ninakokwenda, ukaanza kama saa nne asubuhi na ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mbele yako hakuna kilima wala msitu wa kuukinga. Kuna ngano mpaka macho yanapoishia, bado ya kijani lakini imeanza kupauka kwenye masuke, na shayiri ambayo imeshakuwa rangi ya dhahabu, na kati yake mistari ya maua mekundu wanayoyaita amapola. Upepo ukipita juu yake shamba zima linalala na kuinuka. Pazuri, sikatai. Ila nilikuwa kwenye gia ya mlimani, barabara imenyooka kama rula, na mashine yangu ikinionyesha kilomita tisa kwa saa.

Ndipo nikajua minara ya makanisa inafanya kazi gani. Kwenye uwanda huu kijiji hukioni, unaona mnara wake. Unauona ukiwa bado kilomita nane au kumi, unasema haya, pale nitakunywa maji, na unanyonga robo saa, nusu saa, mnara hausogei. Amusco kanisa lake ni kubwa kiasi kwamba wenyeji wamelibatiza Pajarón de Campos, ndege mkubwa wa Campos, na kweli linaonekana limeutamia mji. Na karibu kila mnara una korongo. Wanajenga viota vya vijiti vizito juu ya kengele na kugonganisha midomo siku nzima, takatakatakata. Wengine huvuka bahari majira ya baridi kwenda Afrika Magharibi. Wengi siku hizi hawajisumbui, wanabaki.

Kisha unaingia kijijini na unashangaa. Kanisa lingetosha watu elfu mbili. Nyumba ni za udongo na majani makavu, adobe, nusu zimefungwa, nyingine paa limeshaanguka na ukuta unarudi taratibu kuwa shamba. Uwanjani kuna bomba la maji, benchi na paka. Hii ndiyo sehemu Wahispania wanayoiita "España vaciada", Hispania iliyomwagwa watu wake: vijana walikwenda Madrid, Bilbao na Valladolid tangu zama za babu zao, trekta moja likachukua kazi ya familia kumi. Nilizoea kuuliza swali moja tu nikifika mahali: baa ipo? Ikiwa baa ipo, kijiji kipo. Ikiwa imefungwa, unajaza chupa bombani, ukihakikisha kwanza kibao hakijaandikwa "no potable", yaani si ya kunywa, na unaendelea.

Katika kijiji kimoja baa ilikuwa imefungwa tangu mwenye nayo astaafu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiziba pancha. Mwiba ulikuwa wa mbigiri, ile ile ya kwetu, na nilifurahi kukutana na adui ninayemjua. Likaja gari dogo jeupe likipiga honi mfululizo. Milango niliyodhani ni ya nyumba tupu ikafunguka, wakatoka akina mama wazee watano na mzee mmoja wa kiume mwenye kandambili. Gari la mkate. Linapita vijijini kwa sababu maduka hayapo, na honi yake ndiyo tangazo. Nikajipanga nyuma yao. Bibi aliyekuwa mbele yangu akanitazama kichwani kwa muda.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Tanzania, bibi."

"Mbali." Akafikiri. "Hicho kitambaa, ni kwa dini au kwa jua?"

"Dini. Lakini leo na jua pia."

"Sisi tulivaa wakati wa mavuno. Tulijifunga mpaka hapa," akashika pua yake, "macho tu yanabaki. Tulikuwa tunaona haya kuungua na jua, maana aliyeungua alijulikana kuwa ni maskini." Kisha akamgeukia muuza mkate na kumwambia anipe ule uliookwa vizuri, si huo mweupe. Euro moja na senti kadhaa, akanikatalia nisilipe. Nilimbishia kwa adabu mara moja, kama inavyotakiwa, kisha nikapokea.

Chakula nacho kina hadithi yake kwa asiyekula nguruwe. Uwanda huu unalima dengu ndogo za kahawia, lenteja pardina, tamu kabisa, na karibu kila mahali zinapikwa na soseji ya nguruwe. Supu ya vitunguu saumu inatiwa vipande vya jamoni, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Ukisema "bila nyama" unaletewa yenye jamoni, kwa sababu kwao jamoni si nyama, ni kama chumvi. Nilijifunza kutaja mnyama mwenyewe kwa jina. Kilichoniokoa ni tortilla ya mayai na viazi, jibini la kondoo la Zamora, sadini za kopo na mikate ya honi. Mahali pamoja mpishi alitoka jikoni akanisikiliza mpaka mwisho, akarudi na dengu alizopika upya kwa karoti na jani la mdalasini, katika mlo wa mchana wa euro 14 ambao hakuongeza hata senti. Nikala sahani mbili.

Na saa! Mwisho wa Mei jua linatua saa nne kasorobo usiku. Unafika hosteli, unaoga, unafua, unatandika mswala, na nje watoto bado wanacheza mpira. Magharibi unaiswali wakati ambao Tanga watu wameshalala usingizi wa kwanza, na isha inakaribia usiku wa manane. Halafu kuna saa za kulala mchana: kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja duka halifunguliwi hata ukilia. Ukipanga siku bila kujua hilo, unalala njaa mchana kweupe.

Kitu kingine kinachokaa peke yake mashambani ni nyumba za njiwa, palomares. Za udongo, nyingine duara, nyingine mraba, hazina madirisha, ndani kuta zimejaa matundu mamia. Njiwa walikuwa kitoweo na samadi. Nyingi sasa zimebomoka upande mmoja, na unaweza kuona matundu yote kutoka barabarani. Nilipiga picha nyingi za hizo kuliko za makasri.

Becerril na Paredes de Nava nilizipita haraka, upepo haukuniacha nikae. Ila Paredes ndiyo alikozaliwa mchoraji Pedro Berruguete na mwanawe Alonso, mchonga sanamu, na kwa mji mdogo vile hilo si haba.

Medina de Rioseco ndipo Ramal de Campos unapoishia, kwenye bwawa la gati lenye maghala na kiwanda cha zamani cha unga kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mfereji. Ukifika na baiskeli kwa njia ya baghala unaingia mjini kama walivyoingia wao, kwa mlango wa nyuma, na sidhani kuna njia bora. Mji huu unaitwa mji wa maadmirali, na nilicheka niliposoma sababu: ukoo wa Enríquez, maadmirali wa Castilla, wakuu wa manowari za mfalme, walikaa hapa, kwenye ngano, bahari iko zaidi ya kilomita mia na hamsini. Barabara kuu, Rúa Mayor, inapita katikati ya nyumba zinazokalia nguzo za mbao, na unatembea chini yake kivulini. Katika kanisa la Santa María kuna kikanisa cha familia ya Benavente, cha karne ya 16, plasta yote imejaa sanamu za rangi mpaka darini, na penye tukio la Adamu na Hawa yupo Mauti mwenyewe, mifupa mitupu, anapiga gitaa. Mimi si mtu wa sanamu, lakini yule nilirudi kumtazama mara ya pili.

Kutoka Rioseco nilipanda Urueña. Huko ndiko kwenye mlima pekee wa kweli wa safari nzima, ukingo wa Montes Torozos, na kwa sababu upepo ulikuwa umelala nilipanda nikiimba. Ni kijiji chenye ukuta wa kale kukizunguka na wakazi kama mia mbili, na tangu 2007 kimejitangaza kuwa mji wa vitabu, kina maduka ya vitabu mengi kuliko maduka ya vyakula. Juu ya ukuta unaona Tierra de Campos yote uliyoitolea jasho, imelala pale haina hatia. Villalar de los Comuneros ni uwanja na mnara mdogo wa ukumbusho: hapo tarehe 23 Aprili 1521 waasi wa miji ya Castilla walioinuka dhidi ya mfalme Carlos I walishindwa matopeni, na kesho yake viongozi wao, Padilla, Bravo na Maldonado, wakakatwa vichwa. Siku hiyo ya kushindwa ndiyo sikukuu ya mkoa wa Castilla y León hadi leo. Nilikunywa kahawa uwanjani na kuondoka.

Tordesillas ndiyo niliyokuwa nikiikusudia. Unaiona juu ya kingo ya mto Duero, na daraja lake la mawe la matao kumi. Kwenye nyumba ya watawa ya Santa Clara, iliyokuwa kasri la kifalme kabla ya kuwa ya watawa mwaka 1363, kuta zina nakshi za plasta ambazo mtu wa pwani anazitambua kabla hajaambiwa: mafundi walikuwa wa mila ya Kiislamu, wakiwafanyia kazi wafalme wa Kikristo. Nilibaki pale kwenye ua mdogo muda mrefu. Katika mji huu huu malkia Juana alifungiwa tangu 1509 hadi alipofariki mwaka 1555, na mwanawe Carlos ndiye mfalme.

Halafu kuna nyumba za mkataba. Tarehe 7 Juni 1494 wajumbe wa Castilla na wa Ureno waligawana dunia hapa: mstari lega 370 (lega ni kipimo cha zamani cha umbali) magharibi ya visiwa vya Cape Verde, upande wa magharibi wa Castilla, wa mashariki wa Ureno. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi miaka minne baadaye. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaiingia Kilwa kwa nguvu na kujenga ngome. Nimesoma hayo shuleni kama mambo ya baharini, majahazi na mizinga, na kumbe karatasi yenyewe ilitiwa saini katika mji wa ngano ambao kutoka ukutani kwake huoni hata tone la chumvi.

Darasa la watoto lilikuwa mbele ya ramani kubwa, mwalimu wao akiwaeleza mstari. Mvulana mmoja akanigeukia akaniuliza mimi ninatoka upande gani. Nikainama nikamwonyesha pwani yetu, Kilwa hapa, Tanga juu yake, Mombasa juu yake tena. Akapima kwa kidole kutoka kwenye mstari mpaka kwangu.

"Kwa hiyo wewe ni wa Ureno."

"Hawakutuuliza," nikamwambia.

Akalifikiria hilo. "Na sisi je, walituuliza?" Mwalimu akacheka, akataka kujibu, lakini mlinzi alikuwa ameshaanza kupiga makofi mlangoni: wanafunga, watu wakale. Tukatolewa wote, watoto, mwalimu na mimi na helmeti yangu mkononi.